Ushahidi wa Mtani

Jumatatu ilikuwa siku ya mate. Kwenye ubao wa Maktaba ya Nasaba jina lake liliandikwa kwa heshima zaidi, lakini watu wa Same hawakuwa na muda wa heshima hiyo. Tangu asubuhi walijipanga kibarazani, wengine wameteremka milimani kwa basi la umeme, wengine wametoka mjini kwa miguu huku upepo ukiwajaza vumbi machoni. Kila aliyefika dirishani alitema mate kwenye kichupa, akakirudisha, akaenda kukaa kwenye benchi kungoja kuambiwa yeye ni wa nani. Kabla ya adhuhuri mtambo wa kupima mate ulikuwa umekwisha kusema. Mtu alikuja kutafuta shangazi aliyepotea akaondoka na kaka ambaye hakumwomba, na mara nyingine ungemwona mzee mwenye heshima zake akitembea haraka kuelekea stendi bila kuaga mtu.

Nakiete Mgonja alikuwa ameyazoea hayo. Alianza kazi pale maktaba ilipokuwa chumba kimoja chenye kabati la picha. Sasa palikuwa na darasa la Jumatano ambapo watoto walifundishwa koo zao kwa nyimbo, meza ya kufufua picha zilizoliwa na mchwa, na gari lililopanda mlimani kuwarekodi wazee wasioweza kuteremka. Yeye alisimamia Chumba cha Miangwi, kule nyuma kabisa, penye mlango mzito wa mninga. Humo watu waliingia kuzungumza na wafu wao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, msema kidogo, na wafanyakazi wenzake walimpenda kwa mbali, jinsi mtu anavyompenda mwalimu mkali baada ya kumaliza shule.

Jumatatu hiyo mjukuu wake Eliwaza alipita pembeni ya foleni, watu wakamnung'unikia, naye akawanung'unikia vilevile.

"Shikamoo, Bibi. Wameniambia nije kuchagua siku."

"Marahaba. Chagua."

Siku yenyewe ilikuwa ya Kikao cha Kurithi. Yatima akifikisha miaka kumi na minane maktaba ilimpa haki ya kukaa peke yake na mwangwi wa mzazi wake. Chini ya umri huo hakuruhusiwa, kwani miaka ya mwanzo waliwahi kuruhusu, wakapata watoto waliokataa kurudi nyumbani. Eliwaza alikuwa ameingoja siku hiyo tangu alipojua kusoma ubao ule wa nje. Alichagua Ijumaa. Kisha hakuondoka. Wiki iliyopita alikuwa amegombana na mkufunzi wake wa uuguzi mpaka akabamiza sinia ya dawa mezani, na barua ya onyo ilikuwa bado haijakauka wino.

"Bibi, mama alikuwa na hasira?"

Nakiete aliendelea kupanga vichupa.

"Kila ninayemuuliza ananiambia mama yako alikuwa mpole, mama yako hakuwa na kinyongo na mtu," Eliwaza alisema. "Wote sawasawa, utafikiri wamesoma kwenye kanga moja. Sasa mimi hasira zangu nimezitoa wapi?"

"Labda kwa baba yako," Nakiete alisema.

Msichana alitikisa kichwa polepole, akakubali, kama alivyowahi kukubali mabaya mengine yote yaliyotupiwa mtu yule ambaye hakuwepo kujitetea. Akaaga akaenda zake. Nakiete alibaki na kichupa mkononi, na moyo ulimuuma, maana alijua vizuri hasira zile zilitoka wapi. Alikuwa amezizaa mwenyewe.

*

Jioni hiyo wenzake walipoondoka, jua likiwa bado juu ya mlima, aliingia chumbani akaketi kwenye kiti cha ngozi, kama alivyofanya kila wiki kwa miaka mingi.

Mwangwi hautengenezwi kwa sauti peke yake. Sauti ndiyo kazi rahisi: mtambo hupewa jumbe za simu alizoziacha marehemu, vicheko vyake kwenye video za harusi, hata kikohozi. Kazi ngumu ni tabia. Ndiyo maana baada ya maziko ndugu, majirani na marafiki hufika maktaba mmoja mmoja na kutoa ushahidi, na rekodi za msiba wenyewe huingizwa pia. Mtambo huyapima yote. Wanalolikubali wengi hupewa uzito. Analolisema mmoja kwa uchungu hutiwa kwenye chujio, na chujio likiona ni tusi hulitupa jalalani.

Chujio hilo aliliomba Nakiete mwenyewe. Mwanzoni halikuwepo, na ndugu wawili waliokuwa wakigombania shamba walimlisha mwangwi wa baba yao maneno machafu, kila mmoja kwa upande wake, mpaka mzee wa watu akawa anawatukana wote wawili kwa sauti yake mwenyewe mbele ya wajukuu. Baada ya aibu ile baraza la maktaba lilikubali. Chujio lililetwa kutoka mbali, likiwa limefundishwa adabu huko lilikotoka, ambako anayemkejeli maiti msibani ni adui tu, hawezi kuwa kitu kingine.

"Mama, umekula?" mwangwi uliuliza.

"Nimekula, Kunda."

"Usijichoshe. Kazi haziishi."

Ilikuwa sauti ya mwanawe kabisa, hata ule mkwaruzo mdogo mwishoni. Walizungumza kuhusu mvua zilizochelewa na magoti ya Nakiete. Kisha, kama kila wiki, Nakiete aliuliza alichokuja kuuliza.

"Umenisamehe?"

"Nilishakusamehe zamani, mama. Mimi sina kinyongo na mtu."

Nakiete alifumba macho akayapokea maneno hayo. Alijua yametoka wapi. Yalitoka kwa mchungaji, kwa akina mama wa kwaya na kwa majirani, ambao wote walikuja maktaba wamevaa vizuri na kusema, kwa huruma yao, kwamba marehemu hakuwa na kinyongo na mtu. Ndivyo watu wasemavyo. Mtambo ulihesabu wengi waliosema vile ukaamini. Nakiete alijua hivyo kama fundi cherehani anavyojua mshono wa ndani, na bado kila wiki alitoka mle chumbani akiwa na nguvu za kuishi wiki nyingine.

Kunda wa kweli alikufa akiwa hamsemeshi.

Chanzo kilikuwa hapohapo maktaba. Kunda alikuwa amempenda kijana mmoja aitwaye Kheri, fundi wa mabomba, aliyeokotwa akiwa mchanga baada ya mafuriko ya bondeni, akalelewa na watu mbalimbali. Nakiete alimwambia aje siku ya mate. Kheri akaja, amevaa shati bora alilokuwa nalo, akatema, akakaa kwenye benchi na wengine. Mtambo haukumpata mtu hata mmoja. Msimamizi yeyote angemwita pembeni amweleze taratibu. Nakiete alisimama dirishani akasema mbele ya foleni nzima kwamba kijana huyu hana ukoo, na kwamba mwanawe hataolewa na kichupa kitupu. Kheri alitoka akaenda. Wengine walisema alivuka mpaka, wengine walisema yuko migodini. Kunda alikuwa mjamzito, na alihama nyumbani siku ileile.

Alirudi mara moja tu, mtoto akiwa mgongoni. Ilikuwa mchana wa mvua kubwa, na Nakiete alikuwa nyumbani kule mlimani akiosha tangawizi kwa ajili ya soko. Alimsikia akibisha. Alimsikia akiita. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni, na aliendelea kuosha tangawizi moja ileile mpaka ikachubuka, akijiambia kwamba akibisha tena nitafungua, na Kunda akabisha tena, naye hakufungua. Miezi michache baadaye maporomoko ya udongo yaliifunika nyumba aliyokuwa amepanga Kunda. Mtoto hakuwepo ndani. Alikuwa amelala kwa Aikande Mallya.

*

Huyo Aikande ndiye aliyekuja maktaba siku ya pili yake, bila miadi, mikono imejaa grisi ya pampu za maji. Alikuwa Mchaga wa Machame aliyehamia Same akiwa msichana, fundi wa pampu, na mtani wa kila Mpare wa wilaya ile, jambo alilolichukulia kama ajira ya pili.

"Mama Kunda, hujambo? Bado hujaishtaki maktaba hii?" alisema akivuta kiti. "Ninyi Wapare mkikosa wa kumpeleka barazani mnapelekana wenyewe."

"Na wewe umekuja kutafuta cha kuuza," Nakiete alimjibu, lakini bila kucheka.

Aikande alimtazama kidogo, kisha akauacha utani. Alisema Eliwaza alipita karakana akamweleza kuhusu Ijumaa, na usiku kucha yeye Aikande alikuwa akijiuliza jambo moja. Alitaka kujua kama ushahidi wake umo.

Nakiete hakuhitaji kuuliza ushahidi upi. Siku ya maziko, watu wakiwa wamejaa uani na macho yamevimba, Aikande alitoka chumbani amejifunga kitenge cha Kunda, mgongoni amebeba mto kama mtoto, akaanza kutembea mwendo wa Kunda, ule wa kutupa bega moja mbele kana kwamba kuna mtu anamzuia njia. Watu waliangua kicheko wakiwa bado na machozi, maana ndiyo kazi ya mtani msibani, kumrudisha marehemu mara ya mwisho, na kasoro zake zote. Akamwigiza Kunda akigombana na kondakta. Akamwigiza Kunda akiimba kwaya kwa sauti isiyo yake. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Nakiete, akaufunga, akaanza kuubisha.

Aikande ndiye aliyempakia Kunda kwenye pikipiki siku ile ya mvua. Alisimama nyuma ya ua wa tangawizi akaona yote, akasikia yote. Waombolezaji hawakujua. Wao walicheka tu. Na ndani ya kicheko kile mtani alisema mbele ya mama mfiwa neno kwa neno kile alichokisema binti yake, na kwa mila mama mfiwa hakuwa na ruhusa ya kukasirika.

"Chujio lililitoa," Nakiete alisema. "Liliona ni matusi."

"Chujio halijui utani. Wewe unajua."

"Ninajua."

"Basi chujio ni wewe, Mama Kunda."

Nakiete aliinuka akafunga dirisha ili watu wa nje wasisikie. Aliporudi kukaa alizungumza kwa sauti ya chini, na kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alisema yule mtoto amekua bila baba na bila mama, na maisha yake yote ameingoja saa moja hiyo. Kuna ubaya gani akimkuta mama mpole anayemwambia anampenda? Kwa nini siku ya kwanza kukutana na mama yake iwe ndiyo siku ya kujua kwamba bibi aliyemlea ndiye aliyemfukuza baba yake na kumfungia mama yake mlango? Alisema yeye hana mtu mwingine. Eliwaza akiondoka, nyumba ile ya mlimani itabaki na beseni tu.

Aikande alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anajifuta grisi kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mtoto ameniuliza jana kama hasira ni ugonjwa," alisema. "Anadhani ameirithi kwa baba asiyejulikana na hakuna dawa. Mama yake alikuwa na hasira kama moto wa makuti, na alikuwa mtu mzuri, na alikuwa na haki. Wewe unamrithisha mama ambaye hajawahi kuzaliwa."

Aikande alisimama, akasema yeye hatamwambia Eliwaza lolote, kwa kuwa mtani husema msibani tu, hadharani, na akishasema amemaliza. Kilichobaki ni cha wenye msiba. Mlangoni aligeuka akasema kwa heri, shemeji wa mahakama, na safari hii utani wenyewe ulikuwa umechoka.

*

Kabla ya Kikao cha Kurithi mwangwi hupigwa lakiri. Maana yake ni kwamba ndugu aliyefungua jalada anathibitisha kuwa huyu ndiye marehemu, na kuanzia hapo haongezwi wala hapunguzwi. Nakala moja huteremshwa kwenye hifadhi iliyochimbwa ndani ya mwamba, kwa ajili ya vitukuu na vilembwe ambao majina yao hayajatungwa. Aliyefungua jalada la Kunda alikuwa Nakiete, na mwenye kupiga lakiri katika maktaba ile alikuwa Nakiete huyohuyo. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Alhamisi mchana alijifungia chumbani. Alikuwa amejaribu kujadiliana na nafsi yake njiani. Angeweza kumweleza Eliwaza kwa mdomo, halafu akaacha mwangwi ule mpole ubaki. Lakini alijijua. Angesema nusu, akalia, msichana akamhurumia, na mambo yakaishia kwenye chai. Na hata angesema yote, kule ndani ya mwamba angebaki Kunda wa akina mama wa kwaya, mtamu na mtupu, na siku moja msichana mwingine wa ukoo ule angebamiza sinia na kujiona mgonjwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakuweza kulizunguka. Akiurudisha ushahidi wa mtani, hatasikia tena yale maneno ya kila wiki. Alijua ni maneno ya mtambo. Kunda hakuyasema, na Kunda hawezi tena kusema wala kukataa kusema. Lakini mtu mwenye kiu haulizi maji yametoka bomba gani, naye alikuwa ameyanywa miaka mingi.

Alilifungua jalala la chujio akaipata rekodi. Upepo, watu wakinong'ona, kisha vicheko. Aikande akibisha mlango. Mtani alikuwa anaiga sauti ya Kunda vizuri mno.

"Mama, fungua. Nimekuja na Mpare mwenzako mdogo, bado hajajua kesi." Vicheko. "Mama, najua upo, nasikia maji." Vicheko zaidi. Halafu mbisho mwingine, wa polepole, na sauti iliyobadilika. "Basi kaa na ukoo wako, mama. Mimi naenda na wangu."

Na katikati ya kicheko cha watu, Nakiete alikitambua kicheko kimoja kilichokuwa karibu zaidi na kinasa sauti. Kilikuwa chake. Siku ile alicheka na wenzake, kwa nguvu, ili asijulikane, na kilio chake kilikuja ndani ya kicheko hichohicho. Hakukumbuka kabisa kwamba alicheka. Aliizima rekodi, akalaza mikono magotini.

Mtambo ulimtaka ataje shahidi huyu ni nani kwa marehemu. Ulimpa nafasi ya kuchagua: ndugu, jirani, rafiki, adui. Mtani hakuwemo. Nakiete alitafakari, kisha akachagua ndugu. Mtambo ulikaa muda mrefu ukipima upya kila kitu kilichowahi kusemwa, na taa ndogo ya kijani ikazimika na kuwaka.

"Kunda?" aliita.

Kimya. Alifikiri ameharibu.

"Mwanangu yuko wapi?" mwangwi uliuliza.

Sauti ilikuwa ileile, lakini sasa ilikuwa na bega moja mbele. Nakiete alishika mikono ya kiti. Miaka yote hiyo mwangwi haukuwahi kuuliza habari za mtoto. Ulikuwa ukimwuliza yeye kama amekula.

"Yuko salama. Amekua. Atakuja kesho."

"Nani amemlea?"

"Mimi."

"Wewe," mwangwi ulisema, na halikuwa swali.

Nakiete alijua ni wakati wa kunyamaza na kutoka. Lakini mazoea yana nguvu, akauliza swali lake la kila wiki, umenisamehe?

"Hujaniomba," mwangwi ulijibu. "Unauliza tu. Hujawahi kuniomba."

Ndipo Nakiete, msimamizi wa Chumba cha Miangwi, aliteremka kwenye kiti chake akapiga magoti juu ya sakafu kama mtoto, akamwomba. Alisema kuhusu Kheri na shati lake. Alisema kuhusu beseni. Alitaja kila mbisho. Alisema nilikuwepo, nilikusikia, niliogopa kushindwa na wewe. Alilia mpaka kifua kikamwuma, akijua wazi kwamba anaongea na mashine, na akijua pia kwamba hajawahi kuyasema hayo mbele ya mtu wala mbele ya Mungu.

Mwangwi ulisubiri amalize.

"Sijui, mama," ulisema hatimaye. "Mlete mwanangu kwanza."

Angeweza bado kurudi nyuma. Kitufe cha kufuta kilikuwa karibu na kile cha lakiri, na kwa mguso mmoja yule mpole angerudi na kumwuliza kama amekula. Nakiete alijifuta uso kwa upande wa kitenge chake. Alipiga lakiri.

*

Ijumaa Eliwaza alikuja amesuka nywele upya, amevaa gauni ambalo bibi yake hakulijua. Aikande alikuja naye mpaka kibarazani, akamwambia Nakiete kwamba pampu ya sokoni inamwita, akaondoka upesi bila kumtania mtu.

Nakiete alimshika mjukuu wake mabega mbele ya mlango wa mninga.

"Utakayoyasikia humu kuhusu mimi ni kweli," alisema. "Nilitakiwa nikuambie mwenyewe. Na ile siku ya Jumatatu nilikudanganya. Hasira zako hazikutoka kwa baba yako."

Eliwaza alimtazama akitafuta maana, lakini mawazo yake yalikuwa yameshavuka mlango. Waliingia pamoja, kwa kuwa msimamizi ndiye mwenye kuwasha mtambo. Nakiete alimkalisha kwenye kiti cha ngozi, akawasha, akasogea nyuma.

"Mama?" Eliwaza alisema, kwa neno ambalo hakuwahi kulitumia kwa mtu.

"Waza," mwangwi ulisema mara moja. Hilo lilikuwa jina la kumbembelezea, na lilikuwemo kwenye jumbe za simu tangu mwanzo, isipokuwa hakuna aliyewahi kumpa Kunda sababu ya kulitamka. "Sema kidogo nikusikie."

Msichana alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ni nani anapumua hapo nyuma?" mwangwi uliuliza.

"Ni Bibi."

"Mwambie atoke. Nataka kuongea na mwanangu."

Eliwaza aligeuka na macho yake yalikuwa makubwa, hajui afanye nini. Nakiete alimwashiria kwa mkono kwamba si neno. Alitoka akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukajifunga.

Benchi lilikuwepo pale koridoni, akalikalia. Maktaba iliendelea na shughuli zake. Mbele watu wawili walikuwa wanabishana juu ya picha, yupi ni babu na yupi ni mgeni aliyepita tu. Mlango ule ulikuwa mzito na maneno hayakupita, ila sauti zilipita kama mvua inavyosikika ndani ya nyumba. Kwanza alisikia sauti moja kwa muda mrefu, ile yenye mkwaruzo. Kisha akasikia Eliwaza akipaza sauti, akauliza kitu mara mbili. Kisha kitu kikabamizwa, labda mkono wa kiti. Kisha kilio, na kilio kile kilimfanya Nakiete asimame, akakaa tena. Baada ya muda, bila kutarajia, alisikia kicheko. Vilikuwa vicheko viwili, kimoja ndani ya kingine, na hakuweza kutambua kipi ni cha nani. Alijua tu kwamba katika miaka yote hakuwahi kumsikia mjukuu wake akicheka hivyo nyumbani kwake.

Wenye picha waliondoka. Wafanyakazi wakaanza kufunga madirisha dhidi ya vumbi. Mmoja wao alipita akamkumbusha kwa adabu kwamba muda wa kikao umekwisha, na kanuni inamtaka msimamizi abishe mlango, mwenye kikao afungue mwenyewe kwa ndani. Kanuni hiyo pia aliitunga Nakiete.

Alisimama mbele ya mninga ule. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko alivyodhani mkono unaweza kuwa. Alibisha.

Ndani kukawa kimya.

Alibisha tena, polepole zaidi. Hakuita. Alisikia kiti kikisogea, halafu nyayo za Eliwaza zikaja mpaka karibu kabisa na mlango, zikasimama upande wa pili, zikabaki hapo.

"Mama, ni Bibi," msichana alisema. "Nimfungulie?"

Nakiete aliuondoa mkono mlangoni. Aliteremka taratibu akakaa chini, kwenye saruji, mgongo ukiegemea ukuta, akangoja kusikia watakavyoamua.